Mwenda Jean Bosco na usiku wa miji ya shaba

Mwaka jana nilikuwa nakusanya maneno ya starehe za usiku kwa ajili ya kazi yangu ya kuhitimu, kuanzia Sandoa hadi Kolwezi. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: neno, maana, mfano. Nilipofika kwenye neno ndumba, niliandika upande wa maana neno moja tu, kahaba, nikaendelea na lililofuata. Wiki hiyohiyo, nyumbani Sandoa, nilimsikia kijana mmoja akimwita hivyo mama mdogo wangu. Mama mdogo ni mjane. Anauza munkoyo na bia chini ya mwembe mbele ya nyumba yake, na sehemu ya ada yangu ya chuo imetoka kwenye chupa hizo. Hakumjibu yule kijana. Aliinama akaongeza sauti ya redio, na iliyokuwa ikipigwa ni gitaa la Mwenda Jean Bosco.

Usiku huo nilifuta nilichokuwa nimeandika. Makala haya yametokana na kufuta huko. Nimechagua kusimulia maisha ya Mwenda kwa kuwa aliimba, akafanya kazi na mwishowe akafanya biashara katika usiku uleule ambao maneno ya daftari langu yanatoka humo. Tukiyafuata maisha yake tunaona ni nani aliyeujenga usiku huo, na ni nani aliyebebeshwa lawama zake.

Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Leo Bunkeya na Sandoa ziko katika jimbo moja la Lualaba, ingawa kati yake kuna mamia ya kilomita za barabara mbovu na lugha kadhaa. Sisi wa Sandoa ni watu wa Kiruund na Kichokwe. Bunkeya ni mji wa Bayeke, wafanyabiashara waliotoka magharibi ya nchi iitwayo sasa Tanzania, wakaanzisha dola chini ya Msiri katika karne ya 19. Msiri aliuza shaba, pembe za ndovu na watumwa kuelekea bahari zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, mpaka alipopigwa risasi na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold, tarehe 20 Desemba 1891. Mwenda ni jina la watawala wa Bayeke tangu Msiri mwenyewe, na mwanamuziki wetu alilibeba maisha yake yote. Baadaye, dunia ilipomfahamu, alijiita kwa fahari Mwenda wa Bayeke.

Jina lake la pili lilitoka kanisani. Wamisionari wa Salesiani, wafuasi wa Don Bosco, walifika Elisabethville mwaka 1911, na jina la mwanzilishi wao likaenea Katanga nzima kwa shule na kwa ubatizo. Hivyo mtoto mmoja alikuwa na majina mawili, moja la ikulu ya Bunkeya na jingine la misheni. Kiswahili, lugha aliyokuja kuiimba, hakikutoka moja kwa moja katika lolote kati ya hayo mawili.

Hapa wanaisimu tuna deni la kueleza. Wengi hudhani Kiswahili cha Katanga kililetwa na misafara ya biashara, kikakaa. Johannes Fabian, aliyekitafiti kwa miaka mingi, alionyesha kwamba njia hiyo haitoshi. Misafara ilileta maneno na sifa ya lugha, lakini waliokifanya Kiswahili kuwa lugha ya miji ya shaba ni waajiri, serikali ya kikoloni, wamisionari na hasa wafanyakazi wenyewe, waliokusanywa kutoka pande nyingi wakawa hawana lugha nyingine ya pamoja. Mtoto wa Bunkeya aliyekwenda mjini alikikuta kule kikizungumzwa kambini, sokoni na kwenye vilabu vya pombe.

Miji ya wanaume

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mji ukaanza mwaka huohuo. Wafanyakazi waliajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi na vijiji vya Katanga. Karibu wote walikuwa wanaume, na kwa miaka ya kwanza walikuja bila wake zao. Kampuni ilitaka mikono. Chakula, maji ya kuoga, mtu wa kuzungumza naye jioni, vyote hivyo mfanyakazi alijitafutia.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Iliona ni hasara kuleta watu wapya kila baada ya miezi michache, ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwakaribisha wake kambini. Kambi ikawa mahali pa ndoa, pa chakula cha kampuni, pa shule na zahanati, na pa lango lenye mlinzi. Mwanamke asiye na mume mwajiriwa hakuwa na nyumba humo. Ilimbidi aende upande wa pili, kwenye mitaa ya wenyeji iliyokuwa nje ya kampuni: Kamalondo, uliokuwa ukiitwa mtaa wa Albert, kisha Kenya, na baada ya vita Katuba na Ruashi. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila kibali. Hivyo starehe yote ya usiku ya Waafrika, ya wenye ndoa na wasio na ndoa, ilisukumwa katika mitaa michache, na Kamalondo ukajulikana kwa bia, dansi na wanawake.

Serikali ya Kibelgiji haikuwafukuza wanawake wale. Iliwatoza kodi. Katika miji ya Kongo mwanamke mzima aliyeishi mjini bila mume alilipa kodi yake mwenyewe, na katika makaratasi ya ofisi aliwekwa katika kundi la wanawake ambao, kinadharia, waliishi peke yao. Mjane alikuwa humo. Aliyeachwa na mume alikuwa humo. Muuza samaki na mshona nguo walikuwa humo, pamoja na yule aliyepokea wanaume kwa fedha. Karani hakuwa na sababu ya kuwatenganisha, kwa kuwa kodi ilikuwa ileile. Kwa Kifaransa waliitwa wanawake huru, na neno huru likawa tusi.

Maneno mengine yalikuja na muziki na bia kutoka upande wa Kinshasa. Ndumba katika Kikongo ni msichana, binti ambaye hajaolewa. Katika Kilingala cha mjini likawa jina la mwanamke anayeishi bila mume, na kutoka hapo likashuka hadi mahali nilipoliandika mimi kwenye daftari. Nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto. Mjini ikawa nyumba ndogo ya bia na samaki, mara nyingi mwenyewe akiwa mwanamke, kisha ikafika kwetu Katanga kwa maana hiyo ya pili. Historia ya neno hili inanikumbusha mji wa Pattaya huko Thailand. Nao ulikuwa kijiji cha wavuvi mpaka wanajeshi wa Marekani wa vita vya Vietnam walipoanza kupelekwa huko kupumzika, na leo ni mji wa baa na madanguro unaojulikana duniani. Pale ilikuwa mishahara ya jeshi, kwetu ilikuwa mishahara ya mgodi. Popote wanaume wengi wanapolipwa siku moja, mbali na nyumbani kwao, usiku hujengwa haraka, na wanaokuja kuhukumiwa kwa ajili yake kwa kawaida si wale waliolipa mishahara.

Jadotville, 1952

Mwenda alikulia katika ulimwengu huu. Alikuwa kijana aliyesoma, na katika maisha yake alipata kufanya kazi benki na pia katika kampuni ya madini. Gitaa lilikuwa jambo la jioni. Gitaa la makopa, yaani gitaa kavu lisilo na umeme, lilikuwa kitu ambacho mfanyakazi angeweza kukinunua kwa akiba yake, kukibeba begani na kukipiga popote penye kiti na wasikilizaji. Mapigo yaliwekwa na mwenzake aliyegonga chupa tupu kwa kijiti au kisu. Ala hiyo haikuwa na gharama, maana bia ilikuwa imekwisha kunywewa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika ya kusini na ya kati na kinasa sauti chake, alipita Katanga. Katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, alikutana na Mwenda, kijana wa miaka 22, akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwemo Masanga. Sahani zilitolewa chini ya lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini, zikauzwa kusini, katikati na mashariki ya bara. Katika muda mfupi kijana aliyejulikana mitaa michache ya mji mmoja wa migodi akawa anasikika kwenye gramafoni za miji ambayo hajawahi kuiona.

Anayemsikiliza kwa mara ya kwanza huuliza wapigaji walikuwa wangapi. Alikuwa mmoja, tena akitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nzito, cha shahada kikacheza kwenye nyuzi nyembamba, na kati ya hivyo viwili mapigo yalipishana kiasi kwamba sikio husikia sauti ya tatu ambayo hakuna kidole kilichoipiga. Miaka michache baadaye mwanamuziki na mwanaisimu David Rycroft aliziandika nota za mapigo hayo, moja baada ya nyingine, akazichapisha katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni nadra kwa muziki uliozaliwa kando ya chupa za bia kupata heshima hiyo mapema namna ile.

Jina Masanga lenyewe ni somo kwetu. Msikilizaji wa Kinshasa analisikia kama neno la Kilingala kwa vinywaji, kwa pombe. Msikilizaji wa Kibemba au Kiluba anasikia mzizi wa kukuta na kukutana. Katika baa ya Jadotville wasikilizaji wa aina zote hizo walikaa meza moja, na kila mmoja alikuwa na haki ya sikio lake. Hiyo ndiyo hali ya Kiswahili chetu tangu mwanzo: neno moja linaingia mlangoni na ndugu zake wa lugha nyingine.

Bibi, mama, mwana

Mwenda hakuwa msimuliaji wa visa virefu. Maneno ya nyimbo zake ni mafungu mafupi: wosia, methali, salamu, jina la mtu, malalamiko madogo, kisha gitaa linachukua nafasi. Kwa mgeni yanaonekana hayana mpangilio. Kwa aliyewahi kukaa baa ya mtaani ni mpangilio anaoujua, kwa kuwa mazungumzo ya mezani huenda hivyohivyo. Mtu hutoa neno, hunyamaza, mwingine hujibu juu ya jambo jingine, na mwisho wa usiku wote wameshauriana.

Tazama majina ya nyimbo zake: Bibi Theresa, Mama na Mwana, Watoto Wawili. Katika Kiswahili cha Katanga bibi si mzazi wa mzazi kama ilivyozoeleka Dar es Salaam. Bibi ni mke, au mwanamke anayetajwa kwa heshima ya mke. Mama ni kila mwanamke mtu mzima, awe na mtoto au asiwe naye. Karatasi ya kodi ilikuwa na kundi moja la wanawake wasio na mume. Majina ya nyimbo hizi yanawaita wanawake kwa undugu, na mmoja kwa jina lake la ubatizo.

Simfanyi Mwenda kuwa mtetezi wa wanawake. Alikuwa mwanamume wa wakati wake, mwenye malezi ya misheni, na nyimbo za mtindo wake zilipenda kumwonya msikilizaji juu ya tamaa, fedha na ulevi. Wasikilizaji wake walizipenda nasaha hizo huku glasi zikiwa mkononi. Ninachosema ni cha kiisimu, nacho ni kidogo: lugha aliyoichagua ilikuwa na maneno mengine ya kumwita mwanamke wa usiku, na maneno hayo yalieleweka na kila mtu ndani ya chumba.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, akakaa huko kwa muda, akawa na kipindi chake cha redio. Sahani zake zilikuwa zimemtangulia. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa walimsikiliza redioni, wakaenda kumtazama vidole, na mtindo wa vidole viwili ukaingia katika muziki wa Kenya moja kwa moja kutoka mkononi mwake. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alipita njia hiyohiyo. Kwa miaka michache Kiswahili cha Katanga, chenye bantu badala ya watu na muke badala ya mke, kilisikika na kupendwa katika mji wenye Kiswahili chake tofauti kabisa.

Nairobi nayo ilikuwa na usiku wake, na usiku huo umeandikwa vizuri kuliko wetu. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wa kike wa Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1990 kimehifadhi istilahi zao. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya alibaki chumbani mwake, akangoja kubishiwa hodi, na alichouza kilikuwa pamoja na chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo, hata jirani angeweza kudhani ni mke na mume. Wazi-wazi walikaa mlangoni na kutaja bei kwa sauti. Aina hizi tatu zilikuwa na kanuni tofauti na mapato tofauti. Wapo waliojenga nyumba za kupangisha, wakawa wenye mali katika mji ambao sheria yake haikumpa Mwafrika nafasi kubwa ya kumiliki kitu.

Mwanaisimu akisoma kitabu hicho anaona aibu ya kitaaluma. Wanawake wa Pumwani walikuwa na maneno matatu kwa mambo matatu. Kamusi zetu zimeyakusanya yote katika neno moja, na neno lililochaguliwa, malaya, ndilo wao walilitumia kwa mwanamke wa chumbani, yule wa chai na maji ya kuoga.

Benki, bendi na hoteli

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ilijitenga, na vita vya kujitenga viliendelea mpaka Januari 1963. Miji ilibadilishwa majina: mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Katanga yenyewe ikawa Shaba mwaka 1971. Mwanzoni mwa mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru majina ya ubatizo ya Kizungu yaachwe. Wengi ilibidi watafute jina la kuvaa. Mwenda hakuwa na shida hiyo. Alikuwa na la Bunkeya.

Muziki nao ulibadilika. Magitaa ya umeme ya Kinshasa, na pamoja nayo Kilingala, yalitwaa baa za Shaba. Mtu mmoja na gitaa kavu hakuweza tena kujaza ukumbi. Mwenda alialikwa mbali, hata tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, mahali ambapo gitaa kavu lilikuwa na heshima kubwa kuliko lilivyokuwa nalo wakati huo Lubumbashi. Nyumbani alifanya lile ambalo mtu mwenye akili ya biashara angefanya. Hakuutegemea wimbo pekee. Alisimamia bendi za vijana wa gitaa la umeme, na akawa na hoteli mpakani mwa Zambia.

Hoteli hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoifikiria zaidi. Hoteli ya mpakani katika ukanda wa shaba ni mahali pa madereva wa malori, wafanyabiashara wa kuvuka na wanawake wanaouza chakula, bia na mengineyo. Mtu aliyeanza kwa kuimbia usiku akawa mmoja wa wenye usiku. Hakuna aliyemtungia neno la aibu kwa sababu hiyo. Mwanamume mwenye hoteli mpakani aliitwa patron, mwenye mali, na aliheshimiwa. Mwanamke mwenye viti sita na friji ya mafuta ya taa, katika biashara ileile, alikuwa na jina jingine.

Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta wapigaji wa mtindo wa zamani na kujifunza kwao. Alimkuta Mwenda hai na vidole vikiwa bado vinafanya kazi, na shajara ya safari yake ilichapishwa mwaka 1982. Ilikuwa miaka migumu kwa jimbo. Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia kupitia magharibi, wakaishika Sandoa pamoja na miji jirani, na Mei 1978 wakafika Kolwezi. Mama mdogo alikuwa mtoto wakati huo. Anasema nyimbo za Mwenda alizisikia kwa mara ya kwanza kwa shangazi yake, aliyepika lutuku usiku ili watoto wapate bwali asubuhi, kwa sababu wanaume wa nyumba walikuwa wamekimbia au wamechukuliwa. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kazi yake.

Mwaka 1988 Mwenda alikwenda Cape Town, akarekodi upya nyimbo zake. Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Mwezi huohuo mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na Gécamines haikupata tena nguvu zake za zamani. Ule mshahara uliokuwa umejenga kambi, mitaa na baa ulianza kukatika.

Kolwezi ya sasa

Mshahara ulirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba vyumbani na uani. Wachimbaji walikuja kutoka kila upande, tena wengi vijana wa kiume bila wake zao, tena wakilipwa kwa siku. Mwaka uliofuata Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Baa zimeongezeka kando ya barabara. Wasichana wa Sandoa, Dilolo na Kasaji wanashuka kwenda kuuza chakula, kusuka nywele, kuhudumia mezani. Wapo pia wanaouza miili yao, na baadhi ni wadogo mno kwa kazi yoyote ya usiku. Wote wanarudi kijijini na jina moja. Binti aliyekaa mwaka mzima Kolwezi akifua nguo za watu anakuta posa yake imevunjika, kwa sababu ya neno la silabi mbili.

Hapa kazi yetu ya kitivo si ndogo. Karani wa kodi aliwaweka wanawake wote katika kundi moja kwa kuwa ilimrahisishia hesabu. Mimi niliandika kahaba kwenye safu ya maana kwa sababu hiyohiyo. Mtunga kamusi anayefanya hivyo anaendeleza daftari la kodi, hata kama nchi imekuwa huru kwa zaidi ya miaka 60. Tena anamkosesha msaada yule binti mdogo anayetumiwa kweli, kwa maana jina linalomhusu kila mwanamke halitusaidii kumtambua anayeumizwa.

Kwenye daftari langu sasa ndumba lina mistari minne. Wa kwanza: Kikongo, msichana asiyeolewa. Wa pili: mwanamke wa mjini anayeishi bila mume na kujitegemea, matumizi ya Kilingala yaliyoenea na muziki. Wa tatu: mwanamke anayepokea wanaume kwa fedha. Wa nne: tusi, husemwa kwa mwanamke yeyote anayefanya biashara usiku, angalia matumizi ya Sandoa. Kwenye safu ya mfano wa mstari huo wa nne sikumtaja mama mdogo. Nilimsomea yote minne likizo iliyopita, chini ya mwembe. Alisikiliza, akauliza kwa nini sikuandika mstari wa tano wa wanaume wanaokunywa kwa mkopo, kisha akaenda kumhudumia mteja.